Wingu la Kupanga

Neno "wingu" limetupumbaza. Mwambie mkurugenzi kwamba kumbukumbu za wateja wake zitakaa kwenye kompyuta za mtu mwingine, ng'ambo, atashtuka na kuuliza ni nani huyo. Mwambie zitakaa winguni, atatabasamu na kutia sahihi.

Nimefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya seva, na sipingi maendeleo. Kuigawa kompyuta moja ifanye kazi kama kompyuta kumi ni ufundi mzuri, wala haukuanza jana. IBM walikuwa nao sokoni tangu 1972. Ninachokipinga ni kukabidhi funguo za nyumba kwa sababu tu jirani naye amekabidhi zake.

Hebu tukumbuke tarehe 12 Mei, 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokifahamu kilikuwa kimeshahamisha daftari zake zote ng'ambo. Mwalimu mmoja alifika kuchukua mkopo wa ada ya mwanawe. Fedha zilikuwamo sandukuni, karani alikuwapo, mwalimu mwenyewe alikuwapo na kitambulisho chake mkononi. Akaambiwa "mtandao hakuna", akarudi nyumbani. Je, daftari la wanakijiji lina shughuli gani ng'ambo? Na ankara yake huja kwa dola, ilhali wanachama huweka shilingi.

Wako watakaosema: basi tubaki na seva zetu. Sawa, lakini huko nako kuna mwenye nyumba. Mnamo Novemba 2023 Broadcom iliinunua VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Ukitaka, ulipie kwa muda. Waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya programu hiyo moja wakageuka wapangaji ndani ya nyumba zao wenyewe. Kumbe KVM imo ndani ya Linux tangu 2007, haina leseni ya kulipia. Inataka watu wanaoijua, na hao tunawasomesha kisha tunawalipa mshahara wa kuwafukuza.

Wingu lina mahali pake. Tovuti ya matokeo ya mitihani, inayofurika siku mbili na kulala mwaka mzima, ipangishiwe huko. Kuinunulia seva ni kutupa fedha. Lakini daftari linalofunguliwa kila asubuhi, na watu walewale, katika mji uleule, liko hapo kila siku kama meza ya karani. Nani hukodi meza kwa saa?

Muuzaji akija ofisini na projekta yake, mimi humwuliza: waya ukikatika kesho, karani wetu ataona nini kwenye kioo? Wa mwisho aliahidi kunipigia simu. Ni miezi minne sasa.