Nani Atamvua Mtakatifu Maurice Mavazi Yake ya Chuma?

Kuna neno moja linalozunguka huko Ulaya na Marekani, na kwa njia ya sinema na simu limefika mpaka masikioni mwa vijana wetu. Neno lenyewe ni hili: «Katika Ulaya ya zamani hakuwako mtu mweusi. Basi mtu mweusi akivaa mavazi ya zamani ya Ulaya na kushika upanga wao, anadanganya watu.» Hatuwezi kulinyamazia neno hili. Ni uongo, na uongo usiojibiwa hugeuka kuwa desturi.

Kwanza tueleze jambo linalohusika, kwa maana wengine kati yetu hawajaliona.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi ambao siku za mapumziko huvaa kama walivyovaa watu wa karne ya 13, ya 15 au ya 16. Ni watu wa kazi za kawaida kama sisi. Hushona wenyewe kanzu za kitani na za sufu, huagiza chuma kwa mafundi, hupiga kambi, hupika katika vyungu, kisha hupigana vita vya mchezo. Nchini Poland hukusanyika mwezi wa saba katika uwanja wa Grunwald, kukumbuka vita vya mwaka 1410. Mjini Brussels hufanya maandamano makubwa yanayoitwa Ommegang, kukumbuka jinsi Kaisari Charles wa Tano alivyopokewa na mji ule mwaka 1549. Tena yako mashindano ya mataifa, yaliyoanzia Ukraine, ambamo watu hupigana kwa silaha za chuma. Silaha hazina makali, lakini mapigo ni mapigo kweli.

Msidhani kwamba tunawacheka. Kazi yao ni kazi ya uvumilivu. Anayetaka kuvaa deraya hawezi kuvaa chuma juu ya ngozi. Kwanza huvaa koti nene la kitani lililojazwa pamba au matambara, ili pigo lisivunje mfupa. Juu yake huja shati la pete za chuma, pete maelfu na maelfu, kila moja imeingia katika wenzake. Au huja mabamba ya chuma yaliyopimwa sawasawa na mwili wa mwenyewe, goti kwa goti, kiwiko kwa kiwiko. Deraya nzima ya vita ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 mpaka 25 hivi, nao uzito huo uligawanywa mwili mzima. Wanaosimulia kwamba shujaa alipandishwa juu ya farasi kwa kamba na mashine, kama gunia la mahindi, wanasimulia hadithi tu. Mfaransa mmoja aitwaye Boucicaut, aliyeishi miaka ile, habari za maisha yake zinasema kwamba aliweza kupinduka hewani hali amevaa chuma, isipokuwa kofia yake.

Tunataja jambo hili kwa makusudi. Wapenzi wa mavazi haya wanayo sheria moja njema, nayo ni kudai ushahidi. Mtu akija kambini na kofia yenye pembe mbili, akisema ndiyo kofia ya watu wa kaskazini wa zamani, wanamwuliza: Imeonekana katika kaburi gani? Katika picha gani? Naye hana la kujibu, kwa sababu pembe zile zilienezwa na mshonaji wa mavazi ya mchezo wa kuigiza wa Ujerumani, mwaka 1876. Hivyo ndivyo wanavyotenganisha ukweli na masimulizi. Ni vizuri sana. Basi na sisi tutawapima kwa kipimo chao wenyewe. Tutajibu kwa jiwe, kwa rangi, na kwa daftari la mishahara.

Ushahidi wa jiwe. Mjini Magdeburg, Ujerumani, katika kanisa kuu, imo sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa karibu mwaka 1240 au baadaye kidogo. Maurice, kama mapokeo ya Eklezia yanavyosema, alikuwa mkuu wa askari waliotoka Thebe ya Misri. Karibu mwisho wa karne ya 3 aliuawa pamoja na wenzake mahali ambapo sasa ni nchi ya Uswisi, kwa sababu walikataa amri iliyopingana na imani yao. Kabla ya miaka ile wachongaji na wachoraji walimwonyesha kama Mzungu. Lakini fundi wa Magdeburg alichonga mtu mweusi: pua yake, midomo yake, uso wake wote ni wa Mwafrika, na rangi nyeusi ilipakwa juu ya jiwe. Akamvika nini? Alimvika mavazi kamili ya askari wa farasi wa siku zile: kofia na shati la pete za chuma, na juu yake koti lenye mabamba ya chuma yaliyopigiliwa ndani. Hata vichwa vya misumari vinaonekana.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Sanamu hii ni moja ya sanamu za kwanza zinazoonyesha wazi koti la namna ile. Wanaotaka kutengeneza koti la karne ya 13 huitazama na kuhesabu misumari yake. Inawezekanaje basi mtu akope koti kwa Mtakatifu Maurice, kisha akasema kwamba mwenye uso kama wa Maurice hana ruhusa ya kulivaa?

Ushahidi wa rangi. Kati ya mwaka 1520 na 1524 hivi, mchoraji Matthias Grünewald alichora mkutano wa Mtakatifu Erasmus na Mtakatifu Maurice. Picha hiyo iko Munich mpaka leo. Erasmus ni askofu mwenye mavazi ya dhahabu. Maurice ni mtu mweusi, amesimama mbele yake katika deraya ya mabamba inayong'aa toka shingoni mpaka miguuni. Hakuchorwa kama mtumwa wa mtu. Amesimama anazungumza na askofu.

Ushahidi wa daftari. Wengine watasema: «Hao ni watakatifu wa kuchorwa tu. Tuonyesheni mtu aliyekula na kulipwa.» Huyu hapa. Anaitwa John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa mfalme wa Uingereza. Daftari la mwaka 1507 linaonyesha kwamba alilipwa peni 8 kwa siku. Baadaye aliandika kuomba mshahara wake uongezwe mara mbili, ulingane na wa mpiga tarumbeta mwenzake aliyekufa, naye akakubaliwa. Mwezi wa pili mwaka 1511 Mfalme Henry wa Nane alifanya mashindano makubwa ya mikuki huko Westminster, kwa furaha ya kuzaliwa kwa mwanawe. Mashindano yale yalichorwa katika ngozi ndefu ya kukunja, na ndani yake John Blanke anaonekana mara mbili, juu ya farasi, kilemba kichwani, tarumbeta mkononi. Tena mwaka 1512 alipofunga ndoa, mfalme alimpa zawadi ya joho la kitambaa cha rangi ya zambarau, pamoja na kofia. Mwenye kushona mavazi ya zamani atake nini zaidi? Jina liko, mwaka uko, kazi iko, hata rangi ya nguo iko.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini tujibu pia wanaokubali ushahidi na bado wanafunga mlango.

Wa kwanza husema: «Sawa, walikuwako, lakini walikuwa wachache sana.» Ni kweli, walikuwa wachache. Lakini tembeeni katika kambi hizo, hesabuni. Mtaona mashujaa wengi wenye panga na bendera. Je, katika Ulaya ya zamani mashujaa walikuwa wengi? Hata kidogo! Watu wengi walikuwa wakulima wenye jembe na matope miguuni. Kama hesabu ndiyo sheria, basi karibu kila mmoja katika kambi avue deraya na kushika jembe. Lakini hakuna anayemwambia mwalimu wa shule kwamba amedanganya kwa sababu amevaa kama bwana mkubwa. Hesabu hukumbukwa tu anapotokea mtu mweusi. Hapo tunajua kwamba haja yao si hesabu.

Wa pili ni ndugu zetu wenyewe. Wanasema: «Waachieni Wazungu mambo yao. Mwafrika anatafuta nini katika chuma cha Ulaya? Avae ya mababu zake.» Ndugu, mababu wa nani? Mfalme wa Kongo Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe Afonso wa Kwanza alitumia alama ya kifalme yenye mikono mitano iliyoshika panga, na mwana wa Afonso, Henrique, alitangazwa askofu mwaka 1518. Wakubwa wa Kongo walikuwa na panga zenye mkono mfano wa msalaba, na baadhi yao walizikwa nazo. Tena walikuwa na mchezo wao wa vita, walioita sangamento. Siku ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 ya mwezi wa saba, walicheza kwa panga na ngao mbele ya watu wote, kukumbuka ushindi wa Afonso, wakichanganya vazi la kwao na la Ulaya. Wamisionari waliwaona na kuandika. Basi kukumbuka vita kwa vazi na kwa mchezo si jambo geni katika nchi ya Kongo, na upanga wa namna ile uko katika urithi wetu pia.

Lakini kwa nini tunapoteza karatasi kwa mambo ya michezo? Kwa sababu si wote wanaocheza. Mwezi wa nane mwaka 2017, katika mji wa Charlottesville huko Marekani, watu wenye kuchukia watu weusi na Wayahudi walitembea wakibeba ngao na alama za zamani, hata tai mweusi wa makaisari wa Ujerumani. Siku ile mwanamke mmoja aliuawa. Watu wale hawakujua walichobeba. Mtakatifu Maurice alikuwa mmoja wa wasimamizi wa makaisari wale wale! Walichukua ngao ya nyumba yenye msimamizi mweusi, wakaitumia kumfukuza mtu mweusi. Hayo ndiyo matunda ya uongo tunaoupinga: unaanza kwa maneno ya dharau kambini, unamalizia kwa damu barabarani.

Hatusemi kwamba kila mwenye kuvaa deraya ni mtu wa chuki. Viko vyama vingi vinavyompokea kila mtu na kumfundisha kushona, kufua na kupigana kwa adabu. Hao tunawasifu. Tunachodai ni kimoja: sheria ya ushahidi iwe moja kwa wote. Kama kofia yenye pembe hutupwa kwa kukosa ushahidi, basi na neno la «hawakuwako» litupwe vilevile.

Nanyi wazazi wenye watoto huko Brussels, Liège au Paris, mtoto wenu akirudi kutoka sikukuu ya mji na kusema anataka kuvaa kama askari wa farasi, msimcheke wala msimtishe. Mwambieni habari za Maurice wa Magdeburg, za John Blanke na za Afonso wa Kongo. Mwambieni ajifunze vizuri jinsi pete za chuma zinavyounganishwa. Mtu akimwuliza kwa dharau, «Wewe umetoka wapi na vazi hili?», ajibu kwa adabu na bila woga: «Katika kanisa kuu la Magdeburg, karibu mwaka 1240. Na wewe, la kwako limetoka wapi?»