Mashine ikikagua msimbo wa kamera, mtu ndiye ajibu

KISANGANI, TSHOPO – Familia inayokimbia nyumba yake mara nyingi hubeba simu hata kama haikupata nafasi ya kubeba sufuria. Ndani ya simu hiyo mna picha ya kadi ya mpigakura, picha ya kiwanja kilichoachwa, namba za ndugu waliotawanyika na sura ya mtoto anayetafutwa. Tangu mzozo wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulipowaka Lubunga na vijijini mwaka 2023, wahami wengi wa Tshopo wamejua thamani ya picha hizo. Nyumba ikiungua, picha ndiyo inayobaki kuonyesha kwamba ilikuwepo.

Kwa hiyo, nani anakagua programu ya kamera, na anaikagua namna gani, si swali la wataalamu wa Ulaya na Marekani peke yao. Linamhusu pia mama aliyeko ng'ambo ya mto na simu yake ya bei nafuu.

Simu nyingi zinazouzwa Makiso, Mangobo na Kabondo ni za Android. Android imejengwa juu ya Linux, programu ambayo Linus Torvalds aliianzisha Helsinki, Finland, mwaka 1991, na ambayo maelfu ya watu duniani wanaendelea kuiandika kwa pamoja. Sehemu yake ya katikati huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya simu, kinachoamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi ingoje, na kinachoongea na vifaa kama skrini, spika na kamera. Kila kifaa kina mkalimani wake ndani ya kiini, nao humwita draiva. Draiva ya kamera huiambia kamera iamke, ipige picha ya ukubwa gani, na picha hiyo iwekwe wapi.

Mkalimani huyo akikosea, hasara haiishii kwenye picha mbaya. Draiva inafanya kazi ndani ya kiini, mahali penye ruhusa zote. Kosa dogo hapo ni sawa na mlango wa nyuma ulioachwa bila komeo.

Mfano upo. Mwezi wa pili mwaka 2025, Google ilitoa marekebisho ya Android kwa kosa lililopewa namba CVE-2024-53104. Kosa lilikuwa katika draiva ya Linux ya kamera za USB, zile zinazochomekwa kwa waya. Draiva hiyo huhesabu kwanza aina za picha ambazo kamera inasema inaweza kutoa, kisha hutenga nafasi kwenye kumbukumbu, kisha huziandika humo moja moja. Aina moja isiyojulikana haikuingizwa kwenye hesabu, lakini wakati wa kuandika iliandikwa nayo. Ni kama mwenye pirogi anayehesabu abiria kabla ya kuvuka mto, akawasahau waliosimama nyuma, halafu akawapakia wote. Maandishi yalifurika nje ya nafasi yaliyotengewa.

Mwezi huohuo, Amnesty International ilieleza kwamba kosa hili lilikuwa sehemu ya mlolongo wa makosa yaliyotumiwa na vifaa vya kampuni ya Cellebrite kufungua simu ya mwanafunzi mwanaharakati huko Serbia, mwezi wa 12 mwaka 2024. Simu ilikuwa imefungwa. Waliokuwa nayo hawakuhitaji neno la siri la mwenyewe. Walihitaji kifaa kinachojifanya kuwa kamera.

Kosa hilo lilikuwamo ndani ya Linux tangu mwaka 2008. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa neno liliharibika penye wengi kwa miaka 16, pengine kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshatazama.

Ndiyo maana watu wa Linux wamejizungushia mashine za ukaguzi. Programu iitwayo checkpatch hutazama mwandiko: nafasi, mistari mirefu kupita kiasi, alama zilizosahaulika. Roboti ya Intel huchukua marekebisho mapya, hujaribu kuyajenga kwa aina nyingi za kompyuta, na hutuma barua pepe yanapogoma. Roboti ya Google iitwayo syzbot, inayofanya kazi tangu 2017, hukilisha kiini maagizo ya ovyo usiku na mchana mpaka kianguke, kisha huonyesha palipotokea anguko. Siku hizi imeongezeka akili bandia. Hiyo inasoma rekebisho la draiva na kuandika maoni yake kwa lugha safi, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Hapo kuna tofauti kubwa. Roboti ya kujenga ikisema msimbo umegoma, umegoma kweli, na kila mtu anaweza kujaribu akaona. Akili bandia ikisema kuna kosa, huenda lipo, huenda halipo, na sauti yake ni ileile katika hali zote mbili. Haigugumizi inapobahatisha.

Tuseme mtu ameandika draiva ya kamera mpya. Akili bandia inamwambia: "Hapa umechukua kumbukumbu, na mambo yakiharibika njiani huirudishi." Onyo hilo lina maana, kwa sababu makosa ya namna hiyo ni mengi. Lakini Linux ina njia ya kuomba kumbukumbu ambayo kiini chenyewe huirudisha draiva inapoondolewa au inaposhindwa kuanza. Mwandishi akitii bila kufikiri, akaongeza amri ya kuirudisha, kumbukumbu moja itarudishwa mara mbili. Ni kama mtu aliyeachia kiti, mwingine akakikalia, halafu wa kwanza anarudi kutangaza kwamba kiti ni wazi. Wa tatu atakuja kumkalia mwenzake. Kwa kufuata maoni ya mashine, draiva iliyokuwa nzima itakuwa imetiwa kosa la hatari.

Au mashine inauliza kwa nini draiva inangoja muda mfupi kabla ya kuituma kamera kazini, na inapendekeza kungoja huko kuondolewe. Jibu limo katika karatasi za kiwanda zinazoeleza kamera iwashwe kwa utaratibu gani. Kama mashine haikupewa karatasi hizo, haiwezi kujua. Anayejua ni aliyezisoma na kuijaribu kamera yenyewe mezani.

Daniel Stenberg wa Uswidi, anayeongoza mradi wa curl, programu ya kusafirisha data iliyomo katika vifaa vingi sana duniani, ameonja pande zote mbili. Alilalamika hadharani juu ya taarifa za makosa yasiyokuwepo, zilizotungwa na akili bandia na kutumwa na watu waliowinda zawadi ya fedha. Mwezi wa kwanza mwaka 2026 mradi wake ulitangaza mwisho wa zawadi hizo. Lakini mwaka 2025 Stenberg huyohuyo alipokea kutoka kwa mtafiti mmoja orodha ndefu ya makosa yaliyopatikana kwa msaada wa akili bandia, akaisifu, na mengi yakarekebishwa. Upande mmoja walikuwa watu wanaotuma chochote mashine ilichosema. Upande wa pili alikuwa mtu anayeijua kazi yake.

Mradi wa Linux umechagua msimamo ulio sahihi katika jambo hili. Anayeleta rekebisho hutia jina lake chini yake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kulileta. Kanuni zake kuhusu akili bandia zinasema wazi kwamba mashine haina ruhusa ya kutia sahihi hiyo. Mtu aliyetuma rekebisho ndiye anayepaswa kulikagua, na ndiye anayebeba wajibu.

Msimamo huo unamdai mpokeaji wa maoni ya mashine mambo matatu. Kwanza, asome kila onyo, hata kama lililotangulia lilikuwa la uongo, maana la 10 laweza kuwa la kweli. Pili, alithibitishe kwa kulijaribu, asitosheke na uzuri wa sentensi. Tatu, ajibu kwa maandishi: nimerekebisha, au nimekataa kwa sababu hii. Kunyamaza si jibu, na kusema "mashine imekubali" si jibu pia.

Wengine watasema huko ni kupoteza wakati. Wakaguzi ni wachache na wamechoka, nayo mashine hailali. Ni kweli, na kosa lililokaa miaka 16 linaonyesha kwamba macho ya watu peke yake hayatoshi. Kuikataa mashine kungekuwa upumbavu. Lakini mashine inayotoa maonyo 100 bila mtu wa kuyachambua humwongezea mkaguzi mzigo, na mkaguzi aliyechoka huanza kuyafuta yote kwa pamoja, la kweli na la uongo.

Kazi hii ya kuchambua haina sababu ya kuwapita vijana wa Kisangani. Msimbo wa Linux uko wazi, na hakuna anayelipia kuusoma. Ndani yake mna draiva iitwayo vivid inayoigiza kamera, hivyo mwanafunzi anaweza kujifunza na kujaribu bila kununua kamera yoyote. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kimezoea kufundisha watu kuchunguza kabla ya kuamini: daktari hapimi homa kwa kuangalia uso tu. Kinachokwamisha ni umeme unaokatika na bei ya mega, na hilo ni la viongozi wa jimbo na wa chuo kulishughulikia. Kundi dogo la wanafunzi wenye kompyuta mbili na saa chache za umeme wa uhakika kwa wiki linaweza kuanza.

Utaratibu huohuo unastahili kudaiwa mahali pengine panapogusa maisha ya wahami. Mashirika yanaposajili familia kwa picha ya uso au alama za vidole, kompyuta nayo hutoa maoni: huyu analingana, huyu halingani. Mama akiambiwa kwamba mashine haimtambui, ana haki ya kumwona mtu mwenye jina, anayeweza kuchunguza, kukubali au kukataa, na kumweleza sababu. Watu wanaoandika draiva ya kamera wanadaiwa kumjibu roboti kwa hoja. Aliyepoteza shamba na nyumba hastahili kujibiwa kwa kunyamaziwa.

Na kwa mwenye simu, hatua ya kwanza iko mkononi mwake. Marekebisho ya kosa la 2025 hayamsaidii mtu yeyote mpaka yafike kwenye simu yake, na simu nyingi za zamani hazipokei tena marekebisho. Anayenunua simu, mpya au iliyotumika, amwombe muuzaji amwonyeshe tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Ikiwa ni ya kabla ya mwezi wa pili 2025, picha za kadi na za kiwanja zihifadhiwe pia mahali pengine, na simu isiachwe mikononi mwa mtu asiyejulikana, hata kama imefungwa.