Walitaka Mazombi, Wakapewa Msiba: 28 Years Later Yawagawa Mashabiki Bukoba

Tahadhari kwanza. Kama bado hujaitazama 28 Years Later, ishia hapa, kaitazame, halafu urudi. Huku chini siri zote zinamwagwa hadharani.

Tangu muvi hiyo itoke Juni 2025, kuna kesi moja ambayo haijaisha vijiweni. Ukikaa na vijana wa Ijuganyondo wanaopenda muvi za kutisha, swali ni lilelile: ile kitu ni kali au watu wamepigwa? Upande mmoja unasema Danny Boyle ameua. Upande wa pili unasema watu waliahidiwa mazombi, wakaletewa msiba. Kichekesho ni kwamba pande zote mbili zinasema jambo moja. Ni kweli watu waliletewa msiba. Ubishi ni kama hiyo ni kasoro ya muvi, au ndiyo muvi yenyewe.

Kumbukumbu kidogo kwa waliozaliwa juzi. Mwaka 2002 Boyle aliongoza 28 Days Later, iliyoandikwa na Alex Garland. Jamaa anazinduka hospitali London, anakuta mji mtupu, kumbe kuna virusi vya hasira vimegeuza watu kuwa wanyama. Kiukweli wale si mazombi maana hawajafa, ni wagonjwa wanaokimbia kama wamechanganyikiwa, lakini mtaani jina lao ni mazombi na halibadiliki. Ilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali, picha zikawa chafu chafu, na ule uchafu ndio ulioongeza hofu. Mwaka 2007 ikaja 28 Weeks Later, safari hii ikiongozwa na Juan Carlos Fresnadillo. Baada ya hapo kimya kirefu, mpaka Boyle na Garland wakarudi na hii ya tatu, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa kwa iPhone.

Sasa tusikilize wanaolalamika, maana hawalalamiki bure.

Lalamiko la kwanza: haijaendeleza ilipoishia. Hapa lazima ukumbuke kwamba kibongobongo "Part Two" ina maana yake. Kwa miaka mingi Bongo Movie ziliuzwa kwa CD mbili. Hadithi moja inakatwa katikati, steringi anaachwa kwenye matatizo, unarudi dukani kununua ya pili ujue kama kapona. Mtu aliyekua hivyo anaamini mwendelezo ni deni. 28 Weeks Later iliisha wagonjwa wanakimbia Paris, watu wakajua sasa dunia nzima imekwisha. Hii ya tatu inafuta yote kwa maandishi machache tu mwanzoni: Ulaya iliwadhibiti, Uingereza ikafungiwa peke yake. Yaani deni la miaka 18 limelipwa kwa sentensi moja. Mwenye hasira ana haki yake.

Lalamiko la pili: treila ilidanganya. Treila ya Desemba 2024 ilionyesha mgonjwa mmoja mifupa mitupu akiinuka kwenye majani, na mitandao ikachafuka kwamba yule ni Cillian Murphy, steringi wa 2002, amegeuka zombi. Haikuwa yeye. Watu walimsubiri muvi nzima na hakutokea hata dakika moja. Hapa lakini kesi inakuwa ngumu, kwa sababu habari hiyo waliitengeneza mashabiki wenyewe, wakaiamini, halafu wakamdai Boyle.

Lalamiko la tatu ndilo lenyewe: nusu ya pili haitishi. Mwanzo ni moto. Dogo wa miaka 12 anaitwa Spike, anaishi kwenye kisiwa ambacho barabara yake inafunikwa na maji yakijaa. Baba yake anamvusha kwenda bara kuua kwa mara ya kwanza. Kuna mgonjwa mmoja jitu la miraba minne, aking'oa kichwa kinatoka na uti wa mgongo. Mpaka hapo kila mtu ameridhika. Halafu muvi inageuka. Dogo anagundua baba yake ana mchepuko, mama yake anaumwa na hakuna anayejua anaumwa nini, anasikia kuna daktari anaishi peke yake huko bara. Anamtorosha mama kwenda kumtafuta.

Daktari huyo, Kelson, anayeigizwa na Ralph Fiennes, kila mtu kisiwani anamwona kichaa. Kwa miaka mingi amekuwa akiokota maiti, anazichoma, anasafisha mifupa, na amejenga minara ya mifupa na kilima cha mafuvu. Anaokota wote, waliokuwa wagonjwa na waliokuwa wazima. Anampima mama yake Spike na kukuta ni kansa, na imeshasambaa. Kumbe virusi havihusiki kabisa. Kwa ridhaa yake mama anasaidiwa kufa bila maumivu, na dogo anakabidhiwa fuvu la mama yake ili achague pa kuliweka. Analipandisha mpaka juu kabisa, linatazama jua linapochomoza.

Ni hapo pazuri ndipo wengi walipoanza kuangalia muda kwenye simu.

Na kuna sababu moja ambayo haisemwi sana. Muvi za nje Tanzania zimezoeleka kutazamwa na mtafsiri juu yake, tangu enzi za akina Lufufu kwenye mabanda ya video. Mtafsiri mzuri hakai kimya. Wahusika wakitulia anaweka maneno yake, utani wake, jina la mtaa, watu wanacheka. Muvi ya kukimbizana inavumilia hayo yote bila shida. Lakini mtoto aliyeshika fuvu la mama yake bila kusema neno, ukimwekea utani juu, hakuna kinachobaki. Aliyeitazama hivyo hakuiona muvi hiyo, aliona nyingine.

Lakini tuseme umeitazama kimya, na uko Kagera. Hapo ndipo upande wa "wamepigwa" unapopata shida kidogo.

Mkoa huu haukulisikia neno mlipuko kwenye muvi. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg, na uliokumbwa ni Bukoba Vijijini, hapohapo jirani. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mpaka ulipotangazwa umekwisha Juni 2 mwaka huohuo. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo, ukatangazwa kwisha Machi 13. Miezi mitatu baadaye 28 Years Later ikaingia sokoni. Na wazee wana kumbukumbu ya zamani zaidi: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Enzi hizo ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kuna kaya ambazo bibi alilea wajukuu peke yake kwa sababu kizazi cha katikati kiliondoka chote. Makaburi yao yako kwenye kibanja, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni.

Mtu wa namna hiyo akimwona Kelson, haoni kichaa. Anaona mtu anayekataa marehemu wawe namba. Marburg ina sheria ngumu kuliko zote, kwamba mwili hauguswi ovyo. Huoshi, hukumbatii, huagi kama ulivyozoea. Sheria hiyo inaokoa maisha na hakuna wa kuibishia. Ila inaacha kidonda, na ndicho kidonda ambacho muvi hii inakigusa. Baada ya ugonjwa kupita na redio kunyamaza, nani anawapa marehemu heshima yao? Muvi ya 2002 iliuliza utafanyaje mtu akikukimbiza. Hii ya tatu inauliza utafanyaje ukishapona na wenzako wamekwenda. Baada ya miaka 28, hilo la pili ndilo swali la kweli. Ingekuwa ajabu Boyle kurudi na mbio zilezile kama vile hakuna aliyezikwa katikati.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili haitoki kwa wanaotaka damu tu, inatoka kwa waliozika kweli. Wao wanasema: msiba tunao nyumbani, bando tunanunua tushtuke, tucheke, tulale. Kwa nini mtu alipie kulia? Hiyo siyo ushamba na asiitwe mtu hajui sinema kwa kusema hivyo. Hofu ya kwenye muvi ni pumziko, kwa sababu ina mwisho na taa zinawaka. Anayekuja kupumzika akakuta jeneza, ana haki ya kukasirika. Lakini aseme hivyohivyo: "sikutaka kulia leo." Hilo ni jambo moja. Kusema muvi ni mbovu ni jambo lingine, na watu wengi wanayachanganya.

Kuchanganya huko hakukuanza leo. Mwaka 1982 ilitoka Halloween III bila Michael Myers, yule muuaji wa kinyago ambaye kila mtu alimfuata. Mashabiki wakaikataa, na mwaka 1988 muuaji akarudishwa kwenye Halloween 4. Leo hiyohiyo ya tatu ina mashabiki wake wa kufa. Muvi haikubadilika hata kidogo. Kilichoondoka ni deni ambalo watu walikuja nalo mlangoni.

Hata hivyo 28 Years Later haina ulinzi kwenye dakika zake za mwisho, na hapa wanaolalamika wapewe pointi zao zote. Baada ya msiba wote ule, Spike anaokolewa na genge la watu wenye nywele za njano na tracksuit za rangi, wanaruka sarakasi na kuchinja mazombi kama vichekesho. Bukoba watu walitazamana. Kumbe ni fumbo la Waingereza: genge limevaa kama Jimmy Savile, mtangazaji wao maarufu wa televisheni aliyekufa 2011, na baada ya kifo ikafichuka kwamba alinyanyasa watoto kingono kwa miaka mingi. Kwenye dunia ya muvi maisha yalisimama 2002, kwa hiyo kashfa haikuwahi kufichuka na huko bado ni shujaa. Ukishaelezwa, mwili unasisimka. Lakini muvi inayohitaji mtu akueleze mwisho wake imewaacha nje watu wengi. Na ilifanya hivyo kwa sababu ilishaandaliwa pamoja na inayofuata, The Bone Temple ya Nia DaCosta, kwa hiyo lazima iache mlango wazi. Hapo ndipo biashara ilipoingia msibani na spika.

Kama ingeishia pale fuvu linapotazama jua, ubishi ungekuwa mdogo na heshima ingekuwa kubwa.

Kwa hiyo kabla mtu hajasema amepigwa, ajiulize kwanza alikuja kudai nini. Aliyekuja kudai mbio, amepewa saa moja ya mbio na mabaki. Aliyekuja kudai Cillian Murphy, akamdai aliyemwambia. Na aliyewahi kupita kibanjani jioni akasalimia kaburi bila kusimama, amepewa muvi inayomjua kuliko alivyotegemea.

Wewe uko upande gani: ameua, au wamepigwa?