Mwalimu Naye Ni Mwanafunzi Siku Hizi

Watu wengi wakisikia kuwa mtaala umebadilika hufikiri ya kuwa aliyebadilishiwa mambo ni mwanafunzi. Mimi naona sivyo. Mtoto wa Kidato cha Kwanza huufungua mtaala alioukuta, akaendelea na safari yake. Mwenye taabu ni mwalimu aliyefundisha miaka kumi na mitano kwa njia moja, na sasa aambiwa ashike njia nyingine, na ile ya kwanza asiiache, maana sisi wa Kidato cha Nne bado tumo darasani na mtihani wetu ni wa mtaala wa zamani.

Fikirini hali hiyo, wasomaji wapenzi. Mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu toleo la 2023 ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa. Tangu hapo mwalimu mmoja aweza kuingia kwetu saa mbili asubuhi na muhtasari wa zamani, na saa nne akaingia kwa wadogo zetu na muhtasari mpya. Maazimio ya kazi mawili, maandalio ya masomo mawili, na usiku ni ule ule mmoja. Tena liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili, na walimu wake wengi waliisoma historia kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza hata Chuo Kikuu. Wako wanaodhani kuwa kufundisha kwa lugha yako ni jambo jepesi. Jaribuni kueleza kwa Kiswahili safi jambo mlilolisoma kwa Kiingereza miaka kumi, mtaona.

Basi mwalimu wa namna hiyo akiulizwa swali, huenda akajibu, "Sijui, nitawaletea kesho." Nimewasikia wenzangu bwenini wakimcheka mmoja kwa maneno hayo. Mwalimu akichekwa kwa kusema hajui, kesho atasema anajua, na hasara itakuwa yetu katika chumba cha mtihani.

Kucheka huku si kupya. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie shuleni, walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza Darasa la Saba, wakafundishwa ualimu huku wenyewe wanafundisha. Mpaka leo mtu akikosea hesabu dukani huambiwa kwa dharau kuwa yeye ni wa UPE. Neno hilo lanichukiza. Wazazi wetu wengi walifundishwa kusoma na vijana wale, na wakati ule hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, huwa tunaimba na kutoa zawadi. Si vibaya. Lakini kanga haisahihishi madaftari. Wazazi nao katika mikutano huuliza habari za chakula, madawati na matokeo, nayo ni maswali ya haki. Sijasikia akiulizwa mtu kuwa walimu wetu wanalala wapi. Mwalimu akaaye mbali hufika amekwisha choka, na jioni, wakati wa kujisomea, sisi wa bweni hatumpati.

Na jambo hili halingoji. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza shule ya msingi katika Darasa la Sita mwaka 2027, na mwaka huo huo wa mwisho wa Darasa la Saba watamaliza nao. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Vyumba vya madarasa watu wamezoea kuvichangia. Nyumba za walimu, ningependa zitajwe mapema, kabla wageni hawajafika.

Sisi wanafunzi hatuna matofali, ila tuna muda. Serikali imeweka mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaitwayo MEWAKA, ambayo walimu hukutana shuleni wakafunzana. Wako wanaowaona wamekaa pamoja wakasema wanapiga soga! Mimi nasema tuwape saa hiyo kwa moyo mweupe. Wakati wa mkutano wao, watu wa Kidato cha Nne wasimamie madarasa ya chini, wawasaidie wadogo zetu kufanya mazoezi ya Hisabati, wakusanye madaftari na kuyapanga kwa majina ili msahihishaji asipoteze muda kutafuta.

Kaka Mkuu nimekwisha mwambia, naye amelipeleka shauri kwa Mkuu wa Shule. Waliokubali kusimamia mpaka sasa ni kumi na mmoja, na madarasa ya chini ni mengi. Atakaye kuongeza jina lake aniletee bwenini kabla ya kufunga shule.