Stempu za Kale Zisizo za Serikali

Mwalimu mmoja wa upande wa Rungwe ametuletea swali ambalo naona lawahusu wengi, hasa nyumba zile ambazo wazee wao walisoma shule za misioni zamani za Wadachi. Babu yake alimwachia sanduku lenye barua za kale, na bahasha zake zina stempu zenye picha ya merikebu. Sasa amekuja mchuuzi mwenye karatasi iliyobandikwa stempu za rangi nzuri, zenye ngao na minara. Husema, "Hizi ni za posta ya kampuni ya Wadachi, ndizo za kwanza katika nchi hii." Ataka kumpa mwalimu karatasi hiyo yote, naye apewe bahasha za babu. Mwalimu ameandika maneno yaliyo juu ya stempu hizo, ili tumwambie kama biashara hiyo ni ya haki.

Yafaa kwanza kujua posta za watu binafsi zilikuwa nini. Huko Ujerumani sheria ya mwaka 1871 iliipa posta ya serikali peke yake haki ya kuchukua barua zilizofungwa kutoka mji mmoja hata mji mwingine. Barua za ndani ya mji ule ule hazikuzuiwa. Wafanya biashara wakauona mlango huo, na hasa tangu mwaka 1886 wakaingia wengi. Katika Berlin posta ya serikali ilitoza pfenigi 10 kwa barua ya mjini. Kampuni zikachukua kwa pfenigi 2 au 3. Zikawa na visanduku vyao njiani, matarishi wao, mihuri yao, na stempu zao. Miji zaidi ya mia ikawa na posta za namna hiyo, na miji mingine ilikuwa na mbili au tatu zikigombana. Mwishowe serikali ikachoka kunyang'anywa faida. Ikatoa sheria mwezi wa Desemba 1899, na mwisho wa Machi 1900 kampuni zote zikafungwa, zikalipwa fidia.

Basi stempu zao hutambulikanaje? Tazama maneno kwanza. Stempu ya serikali ya siku zile ina neno Reichspost, na ile ya nchi yetu ina Deutsch-Ostafrika. Ya kampuni haina hata moja katika hayo. Huwa na jina la mji, kama Berlin au Hamburg au Leipzig, pamoja na maneno kama Privat-Post, Stadtpost, Packetfahrt, Hansa, au Privat-Brief-Verkehr. Picha yake mara nyingi ni ngao ya mji, au njiwa mwenye barua, au tarishi. Bei yake ni ndogo, nayo imeandikwa kwa pfenigi. Tena si ajabu kuona uchapaji wa ovyo, rangi imetoka nje ya mistari.

Maneno aliyotuandikia mwalimu ndiyo hayo hayo: majina ya miji, Privat, Stadt, 2 Pf., 3 Pf. Kwa hiyo stempu za mchuuzi ni za kampuni kweli. Hapo hakusema uongo. Uongo ni pale aliposema za nchi hii. Kampuni zile hazikuwa na ruhusa ya kuivusha barua mpaka wa mji wake, zingeifikishaje Rungwe? Hata ukiona bahasha iliyoandikwa anwani ya Langenburg au Iringa, nayo ina stempu ya namna hiyo peke yake, jua ya kwamba mtu ameibandika baadaye. Na fedha pia yashuhudia. Stempu za serikali za huku, tangu mwaka 1893, zilihesabiwa kwa pesa, 64 katika rupia moja, na tangu mwaka 1905 kwa heller, 100 katika rupia. (Vijana wasemao "sina hela" hawajui wanataja sarafu ya Mdachi.) Pfenigi ilikuwa fedha ya kwao Ulaya.

Na thamani? Kampuni nyingi zilichapa stempu kwa wingi kuwauzia wakusanyaji ambao hawakupeleka barua hata moja. Ziko chache zilizo adimu, lakini nyingi katika hizo huuzwa Ulaya kwa fedha kidogo sana.

Labda mtu atauliza, je, katika Afrika ya Mashariki hazikuwako kabisa? Zilikuwako za kujaribu. Huko Witu, karibu na Lamu, Mdachi aitwaye Kurt Toeppen, mtu wa kampuni ya Witu, alitoa stempu zenye maandishi ya Kiarabu kwa jina la Sultani mwaka 1889. Mwaka uliofuata Wadachi wakawaachia Waingereza Witu. Tena mwaka 1892 kampuni ya Schülke & Mayr ya Hamburg ilichapisha stempu za posta iliyokusudiwa kwenda toka pwani hata maziwa makuu. Posta hiyo haikupata kibali cha serikali. Stempu hizo zimeigizwa mara nyingi, basi mtu akikuonyesha moja njiani, usitoe hata kuku.

Kinyume chake iko stempu iliyochapwa na misioni, na bado ni ya serikali. Katika vita kuu ya kwanza meli za Waingereza zilifunga bahari, stempu zikapunguka, na mwaka 1916 mtambo wa misioni ya Wuga katika Usambara ukachapa nyingine: za heller 2½, heller 7½, na rupia 1. Kabla hazijatumika ikafika meli Marie, iliyoponyoka walinzi, nayo ilileta stempu kutoka Ujerumani. Zile za Wuga zikafukiwa ardhini. Mwaka 1921 zikafukuliwa, nyingi zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa kuuzwa Berlin. Hivyo uchapaji duni peke yake hautoshi kukuambia stempu ni ya nani. Soma maneno, soma fedha, kisha muhuri.

Sasa nimjibu mwalimu waziwazi: asibadilishane. Bahasha ya babu yenye merikebu na muhuri wa Langenburg, Neu-Langenburg au Iringa ni kitu kingine kabisa. Stempu ya merikebu iliyobanduliwa ni ya kawaida. Ikiwa juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri, tarehe na mwandiko, yaonyesha barua ilitoka wapi na lini, na nani aliandikiana na nani. Nimesikia nyumba ambazo watoto walizilowesha bahasha katika bakuli ili kuzipata stempu, kisha karatasi zikatupwa jikoni, na majina ya walimu wa kwanza wa kijiji yakaenda pamoja nazo. Asikate, asiloweshe, wala asishike mpasuko kwa utepe wa gundi, maana gundi huacha doa la manjano. Aziweke katika karatasi safi, mahali pakavu, mbali na ukuta ambako mchwa hupanda. Akitaka kuuza, aulize watu wawili au watatu wasiojuana, wala asimkabidhi mtu bahasha "akaitazame nyumbani".

Ama ile moja aliyoieleza mwishoni, yenye kichwa cha mfalme wa Waingereza na herufi N.F., hiyo haikutoka kwa mchuuzi. Imo sandukuni mwa babu. Ni stempu ya Nyasaland iliyogongwa herufi hizo mwaka 1916 kwa ajili ya jeshi la Nyasaland, lililoingia Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, mwezi wa Mei mwaka ule, na Iringa mwezi wa Agosti. Nayo aiache juu ya bahasha yake.