Alama moja ya unyayo haitoshi kumwita mtoto mgonjwa

Wazazi wa Kavumu, Miti na Katana, tuseme wazi: mtoto kukanyaga maji na kuacha alama pana kwenye sima si ugonjwa. Lakini wapo wenye kuangalia alama hiyo kwa jicho tu, kisha wanatangaza «nyayo bapa», wanamkataza mtoto mpira na kumwambia mzazi atafute dola za viatu vya pekee na semeli za kuweka ndani. Hilo tunalikataa.

Wanaopima kwa makini hawategemei jicho. Kwa alama ya unyayo peke yake kuna njia tatu zinazojulikana. Clarke anapima pembe ya mistari miwili upande wa ndani. Chippaux na Smirak wanagawanya upana wa katikati kwa upana wa mbele. Staheli anagawanya upana uleule wa katikati kwa upana wa kisigino. Ndiyo maana unyayo mmoja unaweza kuitwa bapa huku na kuitwa mzima kule. Tena zote tatu zinapima nyama iliyogusa chini, si mfupa. Mtoto mnene, au mdogo ambaye bado ana mafuta chini ya mguu, ataonekana bapa tu.

Msituambie hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka wa 2003 Echarri na Forriol walichapisha utafiti wa nyayo za watoto 1851 wa Kongo yetu, wenye miaka 3 hadi 12, kwa vipimo hivyo vitatu. Nyayo bapa zilikuwa nyingi kwa wadogo, zikapungua kadiri umri ulivyopanda. Basi anayempima mtoto wa miaka 4 kama mtu mzima anatafuta nini kama si pesa?

Wengine watasema radiografi haidanganyi. Kweli, inaonyesha mfupa. Lakini kama mtoto amelazwa mezani, uzito wa mwili hauko juu ya mguu, na tao la mguu halipimwi vizuri. Lazima asimame. Na kwa mtoto asiyeumwa, ni gharama ya bure.

Kuna kipimo kisichodai hata franga moja. Mwambieni mtoto asimame kwa vidole. Tao likijitokeza katikati ya mguu, na mguu hauumi, mwacheni akimbie. Semeli hazitamjengea tao. Kule Marekani, Wenger na wenzake walifuatilia watoto wadogo wa namna hiyo kwa miaka 3. Mwaka wa 1989 walichapisha kwamba waliovaa viatu vya pekee na semeli hawakuwapita wale wasiopewa kitu.

Lakini mguu ukibaki bapa hata kwa vidole, ukiuma, ukiwa mgumu, au ukibadilika upande mmoja tu, msingoje: mpelekeni hospitali akaonwe na daktari wa mifupa.

Nanyi wenye kupima, andikeni kwenye karatasi mambo matatu: kipimo gani mmetumia, kimetoa namba gani kwa mtoto wa umri huo, na aliposimama kwa vidole ilikuwaje. Mzazi, bila hayo matatu, usifungue mfuko.