Jedwali la SPSS si ushahidi: juri ziombe faili la namba

Majuma machache mbele ya kutetea kazi za kumaliza masomo, vibanda vya kuchapa na kufotokopia vilivyo karibu na vyuo vikuu vya Bukavu, Goma, Butembo na Lubumbashi hujaa watu. Wanafunzi wengine huja kufungisha kazi yao tu. Wengine hufika na mfuko wa fomu za maswali walizojaza vijijini, wakitafuta mtu « anayejua SPSS ». Wanapatana bei, fomu zinabaki kibandani, na baada ya siku mbili au tatu mwanafunzi anarudishiwa majedwali safi yaliyopangwa vizuri. Anayabandika katika sura ya mwisho ya TFC au ya memwari, kisha anaanza kutafuta maneno ya kuandika chini yake.

Siku ya kutetea, juri inauliza mengi. Inauliza juu ya kichwa cha kazi, juu ya vitabu vilivyotajwa, juu ya nadharia iliyotangulia, hata juu ya makosa ya Kifaransa. Mara chache sana mtu anauliza namba za jedwali zimetoka wapi, au anaomba kuona faili lenyewe. Swali hilo lingepaswa kuwa la lazima katika kila kitivo cha mashariki mwa Kongo, na mwanafunzi asiyeweza kulijibu asipewe pointi za sura hiyo.

Ukali huu una sababu. Kongo ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka wa 1984, wakati nchi ilipokuwa na watu milioni 30 hivi. Leo inasemwa kwamba wamepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio. Katika nchi ambayo haijajihesabu kwa miaka zaidi ya arobaini, uchunguzi mdogo wa mwanafunzi aliyepita nyumba kwa nyumba Kalehe au Masisi una uzito ambao usingekuwa nao kwingine. Shirika la misaada linalotafuta namba za eneo fulani linaweza kuukuta na kuutumia. Na mwanafunzi yule yule, akipata kazi, ndiye atakayeandika ripoti ya shirika kesho.

Kati ya hesabu zote zinazoombwa kule vibandani, ile inayopendwa zaidi ni regresioni ya mstari. Jina lake linatisha kuliko yenyewe. Tuseme mwanafunzi amepita nyumba tano. Ya kwanza ina watoto 2 na inakula kilo 8 za unga wa mihogo kwa juma. Ya pili ina watoto 3 na inakula kilo 10, ya tatu watoto 4 na kilo 13, ya ine watoto 5 na kilo 14, ya tano watoto 6 na kilo 17. Ukiweka nyumba hizo kama nukta tano kwenye karatasi ya mraba, zinapanda karibu kwenye mstari mmoja. Kazi ya programu ni kuutafuta mstari ule unaopita karibu zaidi na nukta zote. Inapima umbali wa kila nukta na mstari, kwa kwenda juu au chini, inauzidisha kwa wenyewe, inajumlisha, na inachagua mstari wenye jumla iliyo ndogo kuliko zote. Njia hii si ya kompyuta hata kidogo. Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka wa 1805.

Kwa nyumba zile tano, jibu ni 3,6 na 2,2. Hizo ndizo parameta. Ya kwanza ni mahali mstari unapoanzia: kilo 3,6 kwa nyumba isiyo na mtoto. Ya pili ndiyo inayotafutwa: kila mtoto anayeongezeka huenda pamoja na kilo 2,2 zaidi za unga kwa juma. Programu inaweza pia kutoa mipaka ya mashaka, ambayo wanafunzi wengi huiruka. Hapa inasema namba hiyo inaweza kuwa popote kati ya 1,7 na 2,7 hivi, maana nyumba tano ni chache mno. Shirika linalopanga mgao lingejua sasa kwamba kuzipa nyumba zote kipimo kimoja ni kuzinyima zile zenye watoto wengi.

Sasa nyumba ya sita. Inakula kilo 12, lakini mama wa nyumba hakutaka kusema ana watoto wangapi. Jambo hilo hutokea, na heshima inadai asisumbuliwe. Kwenye fomu, mwenye kuuliza anaandika 99, kama wachunguzi wengi walivyofundishwa, maana yake « hakujibu ». Fomu inafika kibandani. Anayechapa hakuwa kijijini, hakuambiwa neno juu ya 99, na ana fomu za wanafunzi wengine wanne zinazongoja. Anaingiza 99 katika safu ya watoto na kubonyeza.

Programu inapokea nyumba yenye watoto tisini na tisa bila kushangaa. Mstari unalala. Mahali pa kuanzia panakuwa 12,36, na ile 2,2 inakuwa chini kidogo ya sifuri: toa 0,001. Chini ya jedwali mwanafunzi ataandika, kwa Kifaransa kizuri, kwamba idadi ya watoto haina uhusiano wowote na chakula kinachohitajiwa nyumbani. Mwenye kumpikia mtoto mmoja tu bugali angeweza kumwambia kwamba si kweli. Lakini jedwali limetoka kwenye kompyuta, na mbele ya kompyuta watu huona haya kubisha.

Ikumbukwe kwamba programu haikukosea. SPSS ina mahali maalumu pa kuiambia kwamba 99 maana yake hakuna jibu. Katika R, mahali pasipo na jibu huandikwa NA. Asipoiambia mtu, itajuaje?

Kuna na mtego mwingine unaotokana na lugha ya shule. Watu waliosoma kwa Kifaransa huandika 2,5 kwa koma, na kompyuta nyingi huku zimepangwa hivyo. Programu ya R yenyewe inataka nukta. Faili lenye koma likifunguliwa vibaya, namba zinachukuliwa kama maneno, na badala ya kutoa namba moja kwa bei ya maharagi, R inaifanya kila bei kuwa kundi lake. Jedwali linatoka na mistari thelathini au arobaini. Aliyekuwa akijua anachokitafuta angestuka mara moja. Aliyelipa tu anafurahi kwamba jedwali ni refu.

Zamani mashaka yalikuwa juu ya mashine zenyewe. Mwaka wa 1967 Mmarekani James Longley alichukua namba za ajira za nchi yake kwa miaka 16, kuanzia 1947 mpaka 1962, akafanya regresioni kwa mashine ndogo ya kuhesabia ya mezani, kisha akazipa programu za kompyuta za wakati ule namba zile zile. Majibu yalitofautiana vibaya, mengine hata katika tarakimu za mwanzo. Waandishi wa programu walijifunza, na mpaka leo namba za Longley hutumiwa kujaribu programu mpya. Kwa kazi ya kawaida ya mwanafunzi, programu kubwa zinazojulikana hazikosei tena kujumlisha. Kosa limehama, na sasa linaishi kati ya fomu na kibodi.

Hata namba zikiingizwa sawasawa, jedwali peke yake linaweza kudanganya. Mwaka wa 1973 mtaalamu wa takwimu Francis Anscombe alitengeneza makundi manne ya namba, kila moja lenye nukta 11. Ukiyapitisha yote kwenye programu, yanatoa mstari ule ule: mwanzo 3, mwinamo 0,5. Wastani unafanana, nguvu ya uhusiano inafanana. Mwanafunzi anayesoma jedwali tu angeapa kwamba ni kitu kimoja. Lakini ukiyachora, la kwanza ni mawingu ya kawaida yanayofuata mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotea, na la ine ni nukta zilizosimama juu ya namba moja, na nukta moja tu ya mbali ndiyo inayouvuta mstari wote. Anscombe alitaka watu wachore kwanza ndipo wahesabu. Katika R, kuchora ni neno moja, plot, na kutafuta mstari ni neno fupi zaidi, lm.

Kuomba faili si kumdharau mwanafunzi. Wakubwa pia huombwa. Mwaka wa 2010, wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zenye deni linalopita asilimia 90 ya pato lao huwa na ukuaji wa wastani ulio chini ya sifuri, toa 0,1 kwa mia. Viongozi wa Ulaya na Marekani waliitaja namba hiyo walipokuwa wakitetea kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka wa 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alijaribu kuirudia hesabu hiyo kama zoezi la darasani, akashindwa. Aliomba faili la Excel, akapewa, akakuta fomula imeacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake wawili waliporekebisha hilo, pamoja na mambo mengine waliyoyapinga katika namna ya kuchagua miaka na kupima nchi, wastani ukawa 2,2 kwa mia. Wenye kazi walikubali kosa la Excel, ingawa walishikilia wazo lao kuu. Hesabu yenyewe ilikuwa ya wastani, nyepesi kuliko regresioni, na bado kosa lilikaa miaka mitatu bila kuonekana. Lilionekana kwa sababu mtu aliomba faili na mwingine hakulificha.

Watakaopinga wana hoja zao. Wanafunzi wengi hawana kompyuta, umeme unakatika usiku kucha, na kozi ya takwimu hufundishwa ubaoni, kwa chaki, bila mashine hata moja. Hayo ni kweli, na aibu yake ni ya wanaosimamia vyuo kabla ya kuwa ya mwanafunzi. Wala kijana wa kibandani si adui. Mara nyingi amesoma kuliko anavyolipwa, na kusaidiwa kuchapa si kosa. Kosa ni kutoketi pamoja naye, kutomweleza 99 ni nini, na kutosoma safu moja moja kabla ya kubonyeza. Nyumba sitini zinasomwa kwa nusu saa.

Hoja ya bei ya programu ndiyo dhaifu kuliko zote. SPSS ni mali ya kampuni ya IBM tangu 2009 na leseni yake ni ghali, ndiyo maana nakala za wizi, nyingine zenye virusi, zinapita kutoka flashi moja hadi nyingine. Lakini R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni ya bure kwa kila mtu, na ikiisha kuwekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti kwa hesabu hizi. Anayependa sura ya SPSS atapata PSPP, nayo ya bure. Kitivo kingeweza kuweka mojawapo kwenye kompyuta moja tu ya maktaba, na kuandika katika kanuni zake kwamba kila kazi yenye regresioni iletwe na faili la namba, picha ya nukta, na fomu zenyewe ndani ya mfuko.

Maprofesa watasema wana kazi nyingi za kusikiliza kwa siku moja. Juri haihitaji kurudia hesabu yote. Inatosha faili lifunguliwe mezani na mwanafunzi aonyeshwe mstari mmoja. Safu ya watoto, nyumba ya sita: hii 99 ni nini?